Waya Mfupi Ndani ya Mashine ya Plazma

Vijana wa karakana, ninyi mliotoka Nachingwea na ninyi wa huku Ruangwa, mnanijua kwa kukaa kwenye benchi la nje na kuwasumbua. Mtu akipita na tochi ya kukatia chuma mkononi namuuliza, "Umezima?" Mnacheka. Mmoja wenu amenipa jina, Mzee Umezima, nami nimelipokea. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nauliza. Nimeandika kwa sababu kwa mdomo nilishajaribu, na mtaona mbele ilivyokuwa.

Habari yenyewe ni ya mashine ya kukatia chuma kwa plazma, yaani kwa moto wa umeme na hewa, kazi niliyoifanya mpaka macho yakakataa. Na ni ya Bakari Nandule, fundi mwenzangu. Huko kwao Nkowe, mtu mzembe huitwa Nitazima Kesho. Akiacha jiko linawaka, akisahau ng'ombe shambani, anaambiwa, "Wewe Nitazima Kesho, utakufa kama Bakari." Maneno hayo Bakari hakuyasema hata siku moja. Niliyatunga mimi, siku ya maziko yake, mbele ya watu. Nataka kuyafuta, na sijui kama yanafutika.

Lakini nianze na mashine, maana msipoielewa mashine hamtaelewa nilichofanya.

Plazma nilifundishwa Nachingwea na Mzee Tadei, aliyekuwa amekata chuma kwa gesi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mashine ya plazma ilipoletwa pale, aliitazama siku tatu bila kuigusa. Siku ya nne akaiwasha, akakata bamba, akazima, akasema, "Haina tofauti na sisi. Inataka hewa kavu, inataka kula vizuri, na ikikasirika inakwambia." Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, nikajiona nimesoma kuliko yeye.

Kosa langu la kwanza lilitokana na hilo. Mashine iliwaka, cheche ndogo ikatoka kwenye ncha ya tochi, nikisogeza kwenye bamba moto unakatika. Inapumua, inakufa. Nikaamua bodi ya ndani imeharibika. Nilifungua mashine siku mbili nzima, nikatandaza skrubu kwenye gunia, nikapima kila kilichopimika. Siku ya tatu Mzee Tadei akasimama juu yangu.

"Umefungua nini?"

"Bodi, mzee. Nahisi bodi imekufa."

"Unahisi. Na ethi umeibana wapi?"

Nikamwonyesha. Ule waya wa ethi, wenye kibanio kinachoshika chuma unachokata, nilikuwa nimeubana juu ya rangi. Rangi nzuri ya buluu, nene.

"Kwaruza."

Nikakwaruza, nikabana upya, nikafunga mashine, nikawasha. Ikakata kama inakata karatasi.

"Mgonjwa umempasua tumbo siku mbili," akasema, "kumbe kiatu kinambana."

Walinicheka mwezi mzima. Toka hapo Mzee Tadei akanifundisha mwendo wake, nami nawapa kama alivyonipa: anzia ukutani, malizia kwenye ncha. Tazama soketi na waya wa umeme. Ekstensheni ndefu na nyembamba inakula nguvu, mashine inaonekana mbovu kumbe ina njaa. Kisha hewa, ina kasi ya kutosha au la. Kisha ethi. Kisha tochi yenyewe: kikombe cha nje, nozeli yenye tundu, na elektrodi iliyo ndani yake. Tundu la nozeli likishakuwa na umbo la yai, mkato unakwenda upande, tupa. Elektrodi ikichimbika katikati kama jino bovu, tupa. Ukimaliza yote hayo na mashine bado inagoma, ndipo ufikirie kufungua skrubu.

Na kulikuwa na neno lake jingine. Alisema mashine inakataa kwa njia mbili: inakataa kwa sababu inaumwa, au inakataa kwa sababu inakulinda. "Kabla hujailazimisha," aliniambia, "jua ni ipi." Nilitikisa kichwa. Nilikuwa hodari wa kutikisa kichwa.

Nilipohamia Ruangwa, tajiri aliyefungua karakana ile alikuwa na mashine moja ya plazma na mafundi wawili, mimi na Bakari. Bakari alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na alikuwa akipuliza pua kwa kelele kabla ya kila mkato, kana kwamba naye ana kompresa ya kusukuma hewa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mimi nilijua kutafuta ubovu, yeye alijua kukata. Angeweza kukata duara kwa macho tu, ukilipima hulikuti na kasoro.

Jambo lililotuunganisha ni utani. Ninyi mliokuja na machimbo, au na mifugo kutoka kanda ya ziwa, pengine mnaona ni mzaha wa kawaida. Kwetu Wamwera koo mbili zikiwa watani ni jambo zito. Ukoo wake na wangu ni watani wa kuzikana. Mtu wa kwao akifa, sisi ndio tunaochimba kaburi, na sisi ndio tunaowachekesha wafiwa ili wasizame. Mtani humwigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyokula, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Mkiwa hai, mnatukanana.

Basi tulitukanana. Masika moja nozeli zilikuwa zinakufa kila siku, nyeusi, zimeungua. Nikalaumu duka, nikalaumu spea za bei rahisi. Wiki ya pili Bakari akainama akafungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, ile ambayo mnaisahau hata ninyi. Yakatoka maji ya kutu, karibu nusu ndoo. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yanakwenda na hewa mpaka kwenye tochi.

"Njooni mwone!" akaita barabara nzima. "Mtani kachimba kisima! Ukoo wao wote una kiu, wanakunywa kwenye kompresa!"

"Kunywa wewe, labda utarefuka."

"Nikirefuka nitakuona upara."

Ndivyo siku zilivyokwenda. Kila neno kati yetu lilikuwa la mzaha, miaka yote ile. Tulisema "nasema kweli, mtani" mara ishirini kwa siku, na hakuna hata mara moja ilimaanisha hivyo. Naomba mlikumbuke hilo.

Sasa kikombe. Kile kikombe cha nje kinachofungwa kwa kuzungushwa kwenye kichwa cha tochi hakipo kwa kupendezesha. Ndani ya kichwa kuna pini mbili ndogo. Kikombe kikikaa sawasawa, kinazigusa pini zote mbili, mashine inajua tochi imefungwa, inakubali kuwaka. Kikombe kikitoka, hata ukibonyeza triga mpaka kidole kivimbe, haiwaki. Hapo inakataa kwa kukulinda, kwa maana umeme ulio kwenye ile elektrodi si ule wa kulehemu mnaouzoea, unaokutekenya tu. Ule unaua.

Ulinzi ule ulitufundisha tabia mbaya. Sote tulibadilisha nozeli bila kuzima mashine. Unafungua kikombe, unatoa nozeli, unaweka nyingine, unafunga, unaendelea. Tulifanya hivyo mara nyingi kwa siku, mimi na Bakari na kila fundi niliyemwona.

Mwaka ule ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Mnajua hali inavyokuwa: mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya ukungu, zinaletwa karakana kutoka kila upande, Likunja, Mbwemkuru, Nkowe, zote zikiwa na unga wa njano, na unga ule unakaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye kila tundu. Tochi yetu ilining'inia kwenye msumari palepale tulipokuwa tunazikung'uta. Mashine ikaanza kuwasha taa nyekundu na kugoma. Nilifuata mwendo wa Mzee Tadei. Ukutani, sawa. Hewa, sawa. Ethi, sawa. Nikabonyeza kikombe kwa kiganja, taa ikazima. Nikaachia, ikawaka. Ugonjwa nikaushika: pini. Salfa ilikuwa imezila. Nilizisafisha kwa msasa laini, zikafanya kazi siku mbili. Nikasafisha tena, zikafanya kazi nusu siku. Mara ya tatu pini moja ikazama, haikurudi, kikombe hakiifikii tena. Dawa yake ilikuwa kichwa kipya cha tochi, na kichwa kilikuwa Nachingwea.

Tulikuwa na kazi ya Masanja. Masanja ni mfugaji aliyetoka kanda ya ziwa na familia yake na ng'ombe, akaweka makazi upande wa Mbwemkuru. Alitaka mabirika matatu ya bamba ya kunyweshea mifugo. Mtu mpole, anakaa chini ya ukuta na kofia yake, anasubiri bila kununa. Hakunisukuma. Nasema hivyo kwa sababu baadaye wapo waliosema kazi yake ndiyo iliyoleta mkosi, nami nikanyamaza. Nilijisukuma mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia "kesho," na nilikuwa mtu wa kujivunia kesho zangu.

Asubuhi ile nikafungua mashine. Nikazitafuta nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye zile pini, nikazikata, nikaziunganisha kwa kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole cha mwisho, nikazungushia tepu. Mashine ikadhani kikombe kipo daima. Nikafunga skrubu nne. Nikawasha, taa nyekundu ikazimika, tochi ikawaka. Dakika kumi tu. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijiona fundi.

Bakari akaingia akipuliza pua.

"Imepona?"

"Imepona. Ila nimeifundisha kuuma watu wa ukoo wenu. Ukifungua kikombe, inakuuma."

"Basi ninyi itawaacha, hamna nyama. Ukoo mzima mifupa mitupu."

"Nasema kweli, mtani."

"Na mimi nasema kweli. Juzi mbwa aliwafuata mpaka sokoni."

Masanja akacheka pale ukutani. Mimi nikacheka. Nikapanda bodaboda kwenda Nachingwea kufuata kichwa cha tochi, ili nikirudi niutoe ule waya.

Hivyo ndivyo nilivyomwonya mtu. Kwa miaka nilijishikilia hapo: nilimwambia, mwenyewe hakusikia. Lakini nilijua kabisa kwa sauti ipi angesikia. Ningeacha kucheka, ningemshika mkono, ningemwita Bakari badala ya mtani, angenyamaza mara moja, kwa sababu sikuwahi kumwita hivyo. Ningeweza kubandika karatasi kwenye mashine. Ningeweza kuondoka na tochi. Niliona aibu kukiri kwamba nimevunja kitu cha kumlinda ili nitimize ahadi yangu, nikakificha kwenye mzaha.

Nilirudi alasiri. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Masanja alikuwa amekaa chini, kofia mkononi, na yeye ndiye aliyechomoa waya ukutani. Bakari walikuwa wamekwisha kumchukua kwa gari. Alikata roho njiani.

"Alifungua kikombe tu," Masanja aliniambia. "Alikuwa amekaa juu ya bamba, tochi katikati ya magoti. Alifungua kikombe, basi. Hakugusa kitu kingine, mzee."

Nilielewa yote papo hapo. Alikaa juu ya bamba lile lile lililobanwa ethi, kama tulivyokaa sote. Kaptura imelowa jasho. Nozeli imekwisha, mkato unakwenda upande, akafungua kikombe. Goti likabonyeza triga. Umeme ukapita kwenye vidole vyake, ukapita mwilini, ukaingia kwenye bamba. Alikuwa na nozeli mpya mdomoni, ameishika kwa meno. Waliiokota sakafuni.

Wote wakakimbilia hospitali. Nikasema nabaki kufunga karakana. Nikafungua skrubu nne. Nikautoa waya mwekundu, nikazirudisha zile nyaya mbili kama zilivyokuwa, nikafunga skrubu nne. Nilizikaza vizuri kuliko asubuhi, na hilo ndilo linaloniogopesha hata leo.

Askari waliokuja kuandika taarifa wakaikuta swichi ya mashine ikiwa imewashwa. Wakaniuliza, fundi anapofungua tochi anatakiwa azime? Nikasema ndiyo. Alizima? Nikasema mnaona wenyewe. Masanja akajaribu kusema, "Lakini asubuhi kulikuwa na..." Wakamuuliza kama yeye ni fundi. Akasema ni mfugaji. Wakafunga daftari.

Ninyi mliosoma mtaona lililoachwa. Mashine ile, baada ya mimi kurudisha nyaya, ilikuwa haiwaki hata kikombe kikiwapo, kwa sababu pini ilikuwa imekufa. Sasa Bakari alikuwa anakata na nini tangu asubuhi? Fundi yeyote angeuliza hivyo kwanza. Fundi aliyekuwepo nilikuwa mimi.

Alizikwa Nkowe kesho yake. Nilichimba kaburi na ndugu zangu, kama inavyotupasa. Baada ya maziko, watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake wanalia, shangazi yake mmoja akaita, "Mtani wa karakana yuko wapi? Tuonyeshe ndugu yetu!"

Nikasimama. Nikaokota kijiti cha muhogo, ndiyo tochi. Nikatembea kwa kifua mbele. Nikapuliza pua. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na nikaona hata mkewe, Somoe, anafuta uso na kutabasamu. Nilikuwa nafanya kazi yangu na niliifanya vizuri. Kisha sauti kutoka nyuma ikauliza, "Na alivyokufa je, mtani?"

Ningeweza kukaa. Nilikaa kweli, lakini nilikaa kama Bakari juu ya bamba. Nikakizungusha kikombe hewani. Nikainua kichwa, nikaitazama swichi, nikajikuna, nikapiga miayo. Nikasema kwa sauti yake, "Aah, nitazima kesho."

Walicheka mpaka wengine wakaanguka. Somoe alicheka. Nami nilipoona wamecheka, kifua kikaniachia, kwa maana nilijua hakuna atakayeuliza tena. Taarifa iliyoandikwa daftarini hakuna aliyeisoma. Iliyoigizwa na mtani msibani kila mtu aliichukua nyumbani kwake.

Jina likakua. Likatoka Nkowe likafika Ruangwa. Bakari aliacha binti, Rukia. Alipomaliza shule alikuja karakana kuomba afundishwe kukata, kwa sababu anasema mikono ya baba yake anayo. Tajiri akamuuliza ni wa nani, akasema. "Wa Nitazima Kesho?" akasema tajiri. "Hapana, mama. Sitaki maiti ya pili." Mafundi wakacheka. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, hatua nne. Alinipita akaniamkia, "Shikamoo babu mtani." Nikasema marahaba. Hilo tu.

Usiku huo na siku zilizofuata sikuwa na pa kukimbilia. Masika iliyopita akafa mama yake Bakari, bibi mzee. Nikaenda Nkowe nikiwa nimeamua. Kaburi wamechimba vijana wetu, mimi sina nguvu tena. Ulipofika wakati wa watani, nikasimama.

"Jamani," nikasema, "Bakari hakusema nitazima kesho. Maneno yale niliyatunga. Mashine ilikuwa na kitu cha kumlinda, mimi nikakikata. Niliunganisha waya, nikauficha. Mimi ndiye niliyemuua Bakari."

Msiba wote ukalipuka kwa kicheko.

"Mtani leo kazidisha!"

"Muuaji huyo, mkamateni! Mfungeni, atoe jogoo wa kujikomboa!"

Wanawake wawili wakanifunga mikono kwa khanga, wananivuta huku na huku, ndivyo inavyokuwa. Nilikuwa nalia, wakasema, "Tazama machozi! Mzee huyu anajua kuigiza, hajapata kutokea!" Nilipaza sauti, nikasema, "Nasema kweli!" Wakazidi kucheka. Nikafikiri: ndivyo nilivyomwambia Bakari, maneno hayo hayo.

Somoe peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa na binti yake, ananitazama mikono.

Asubuhi yake nilirudi nyumbani kwake. Nilibisha hodi ya heshima, nikavua kofia, nikaamkia kama mgeni. Alikuwa anapepeta ufuta. Akauweka ungo chini.

"Shemeji," akasema, "umekuja kama mtani au umekuja kama mtu?"

"Nimekuja kama mtu."

"Basi kaa."

Nikamweleza, taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Nikatoa waya mwekundu. Nimekuwa nao miaka yote hii ndani ya kopo la elektrodi zilizokwisha. Akaupokea, akaupima kwa kidole.

"Ndio huu?"

"Ndio huo."

"Mdogo hivi." Akauweka juu ya goti lake. "Nilicheka, shemeji. Siku ile uliniona nikicheka?"

"Nilikuona."

"Nilimcheka mume wangu juu ya kaburi lake bichi, kwa sababu wewe ulinichekesha." Hakupandisha sauti. "Hilo sijui kama nitakusamehe. La waya labda. Hilo sijui."

Rukia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Ni yeye aliyesema, "Babu, kwa mdomo hawatakuamini. Wewe ni mtani wetu mpaka ufe. Andika."

"Nikiandika nani atasoma?"

"Mimi nitasoma. Nitakwenda palepale waliponifukuza, nitawasomea."

Basi nimeandika. Nimeandika kila skrubu. Tajiri nimekwenda kwake kwanza, nimemwambia macho kwa macho, na waliofunga daftari nimewapelekea nakala; watakalofanya na mzee kama mimi ni lao. Kwa Masanja nilikwenda pia. Aliniacha nimalize, akasema, "Nilijua, mzee. Nilisubiri useme." Akanipa maziwa. Nilishindwa kuyanywa.

Ninyi ninawaomba mambo machache. Kabla hujagusa kikombe, zima swichi, chomoa ukutani, hesabu polepole mpaka sitini, maana ndani ya mashine umeme unabaki hata baada ya kuzima. Usikae juu ya chuma unachokata. Mashine ikikataa kwa sababu ya pini, iache ikatae, mwambie mwenye kazi ukweli, asubiri. Ukiwa umekata chochote cha kumlinda mwenzako, mwambie bila kucheka, kwa jina lake, mpaka aache kucheka na yeye.

Anayewasomea hapa ni Rukia binti Bakari Nandule. Akimaliza, atauweka ule waya juu ya benchi. Upitisheni mkono kwa mkono, muuone ulivyo mfupi. Kisha mpeni tochi, mtazameni anavyokata duara. Mimi nitakuwa nje, kwenye benchi langu. Akipita nitamuuliza kama ninavyowauliza wote, na yeye peke yake hapo ndiye mwenye haki ya kutonijibu.